Picha Haina Kitabu Chake: Namna ya Kuitafuta Kazi ya Sanaa Katika Maktaba ya Chuo Kikuu

“Shangazi, nimepekua maktaba nzima, hakuna kitu.”

Ujumbe huo uliingia jioni, kutoka kwa binti wa kaka yangu, mwanafunzi wa chuo kikuu mwaka wa pili. Wamepewa zoezi: chagua kazi moja ya sanaa, eleza imetengenezwa na nani, lini, kwa nini, na imefikaje hapo ilipo leo. Yeye akachagua picha iliyotundikwa sebuleni kwa babu yake tangu hajazaliwa. Ni chui kwenye ubao wa mraba, kila upande kama sentimita 60, macho ya duara meupe pe, madoa yamepangwa kama shanga, na nyuma ya chui ni njano tupu, hakuna kilima wala wingu. Chini pembeni pameandikwa TINGATINGA. Akaliandika neno hilo kwenye simu, akaletewa mitambo ya kusawazisha barabara, kwa sababu kwa Kiswahili tingatinga ni mtambo kabla ya kuwa picha. Akaliandika kwenye kompyuta ya maktaba, ikamletea majina ya vitabu vichache, na hakuna hata kimoja kilichomtaja chui wa babu. Akafunga daftari.

Si yeye peke yake. Tangu mjadala wa kurudisha vinyago na vitu vingine vyetu vilivyoko Ulaya upambe moto, makundi ya WhatsApp yamejaa picha za vinyago zenye maelezo ya uhakika mkubwa: hiki ni cha kabila fulani, kina miaka mia kadhaa, kiliibwa na fulani. Ukiuliza umejuaje, jibu ni moja: “Nimeona mtandaoni.” Ukimwambia mtu aende maktaba ya chuo kikuu, anakujibu kwamba kule hakuna habari za sanaa yetu, kumejaa sheria, uhasibu na udaktari. Hilo si kweli, na linaniuma, kwa sababu habari ziko. Tunachokosa ni namna ya kuuliza.

Tuanze na maneno mawili yanayochanganywa kila siku. Katalogi ni orodha ya vitu ambavyo maktaba inavyo: vitabu, majarida, tasnifu, ramani. Hifadhidata ni ghala la kompyuta lenye makala zenyewe, zilizochapishwa katika majarida ya kitaaluma duniani kote, na chuo hulipia ili wanafunzi wake wazisome. Ukitafuta makala kwenye katalogi, mara nyingi hutaiona, hata kama jarida lililoichapisha liko kwenye rafu hatua kumi kutoka ulipokaa. Katalogi ni kama vibao vya maduka ya Kariakoo. Kibao kinasema “Vifaa vya Umeme”. Hakikutajii kila balbu iliyomo ndani. Binti yangu alisoma vibao, hakuingia dukani.

Kosa la pili ndilo kubwa zaidi: alikuwa anatafuta kitabu cha picha yake. Kazi za sanaa zilizoandikiwa kitabu kizima, kazi moja kitabu kimoja, ni chache sana duniani kote. Nyingine zote zimo ndani ya maandishi yanayohusu mambo mengine. Mtu akienda sokoni na kuuliza “pilau iko wapi?” atazunguka mpaka jua lizame. Mchele uko upande mmoja, bizari na iliki upande mwingine, nyama buchani. Pilau ipo sokoni, ila haijawa pilau bado. Kazi ya sanaa nayo ni hivyo hivyo: kuna habari za aliyeitengeneza, habari za mtindo, habari za watu wake na mahali, habari za malighafi, na habari za mikono iliyopitia. Kila habari ina meza yake.

Ndiyo maana kazi inaanzia kwenye kitu chenyewe, kabla hujaingia maktaba. Nilimwambia binti aishushe picha ukutani, aigeuze, aniandikie kila anachokiona. Akaandika: ubao ni ule wa dari, mgumu, upande mmoja laini na wa pili una vinyweleo kama gunia. Rangi inang'aa kama ya baiskeli. Nyuma, kwenye kona, kuna penseli iliyofifia: 1976.

Hapo tayari tuna mali. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, kwa rangi za kung'aa kwenye mbao za mraba za aina hiyo hiyo. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi usiku wakimdhania mhalifu, akafa. Uchoraji wake wote ni wa miaka minne hivi. Ndugu na vijana aliokuwa akiwafundisha wakaendelea, wakawafundisha wengine, na mwaka 1990 wachoraji wa mtindo huo wakaunda ushirika. Jina la mtu likawa jina la mtindo. Kwa hiyo kama penseli ile inasema kweli, chui wa babu hakuchorwa na Edward, bali na mtu aliyekuja baada yake. Swali la binti likageuka. Sasa haulizi tena “Tingatinga alikuwa nani?” bali “Nani walikuwa wakichora kwa jina hilo mwaka 1976, na wapi?” Ukiwa na swali kama hilo, maktaba inakuwa ndogo ghafla.

Hapa nijibu imani moja iliyoenea, kwamba kupiga picha kwa simu na kuiacha intaneti ifananishe kunatosha. Kwa picha maarufu iliyoko kwenye jumba la makumbusho, njia hiyo inasaidia. Kwa mtindo kama huu haisaidii kitu, kwa sababu wachoraji wake hurudia chui, tembo na ndege wale wale kwa makusudi, ndivyo wanavyofundishana. Utaletewa machui mia, na hakuna mmoja wao anayemfahamu wako. Programu za akili mnemba nazo zina hatari yake: ukiziomba vitabu, huweza kukutajia kitabu chenye jina zuri, mwandishi na mwaka, ambacho hakijawahi kuandikwa. Zitumie ukitaka, lakini kila jina zinalokupa lipeleke kwenye katalogi kwanza. Likikosekana huko na kwenye katalogi za maktaba nyingine kubwa, liache.

Sasa maneno ya kutafutia, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo wengi wanapokwama. Katalogi haikuelewi, inalinganisha herufi tu. Nayo imeandikwa na watu wengine, wengi wao kwa Kiingereza, kila mmoja kwa tahajia ya zama zake. Jina la mchoraji wetu linaandikwa Tingatinga kwa neno moja, na pengine Tinga Tinga kwa maneno mawili. Tafuta yote mawili. Wamakonde wanaandikwa Makonde kwa Kiingereza na Kijerumani, lakini kwa Kireno ni Maconde, na hilo si jambo dogo: Wamakonde wako pande zote mbili za Mto Ruvuma, na utafiti mkubwa juu ya wale wa Msumbiji ulifanywa na Jorge Dias na mkewe Margot, ukachapishwa kwa Kireno kuanzia miaka ya 1960. Upande wa Tanzania, Karl Weule alipita kusini mwaka 1906, akakusanya vinyago na kuandika kwa Kijerumani. Anayetafuta kwa tahajia moja tu anajifungia mlango bila kujua.

Mahali napo pana majina yake. Neno Tanzania limezaliwa mwaka 1964. Maandishi ya kabla ya hapo yako chini ya Tanganyika au Zanzibar, na ya zama za Wajerumani yako chini ya Deutsch-Ostafrika. Jarida lililoanza mwaka 1936 kwa jina Tanganyika Notes and Records lilibadili jina baadaye likawa la Tanzania. Jarida ni lile lile, lakini kompyuta inaweza kuliorodhesha kama mawili.

Kuna na jambo la Kiswahili chenyewe ambalo miongozo ya kigeni haiwezi kukuambia. Hifadhidata nyingi zinakuruhusu kuweka nyota mwishoni mwa mzizi wa neno: ukiandika carv* unaletewa carving, carver na carved. Kwa Kiingereza ujanja huo ni mzuri kwa kuwa maneno yao hubadilika mkiani. Yetu hubadilika kichwani. Mchongaji, wachongaji, uchongaji, kuchonga: nyota ya mwisho haiwezi kuyakusanya. Njia ni kuyaandika yote na kuyaunga kwa OR, hivi: mchongaji OR wachongaji OR uchongaji OR kinyago OR vinyago. OR maana yake ni “hili au lile”, inapanua wavu. AND ni “yote mawili kwa pamoja”, inaubana. Ukiandika Makonde peke yake, utaletewa miamba ya nyanda za Makonde na maji ya Newala. Ukiandika Makonde AND sculpture, unaingia kwa wachongaji. Maneno yanayokwenda pamoja yafunge kwa alama za kunukuu, yaani “Tinga Tinga”, ili kompyuta isiyatenganishe.

Ukipata kitabu kimoja kinachofaa, kimoja tu, usikimbilie rafuni. Fungua ukurasa wake kwenye katalogi usome chini, penye vichwa vya mada. Hayo ni maneno rasmi ambayo wakutubi wamekubaliana kuyatumia kwa kila kitabu cha jambo hilo. Utakuta yameandikwa kinyumenyume kwa Kiingereza, kama Painting, Tanzanian au Art, African, jambo linalowashangaza wenyewe wenye lugha yao. Sisi halitushangazi: uchoraji, wa Kitanzania; sanaa, ya Kiafrika. Nomino kwanza, sifa baadaye, kama tunavyosema kila siku. Bofya kichwa hicho, na katalogi itakuletea vitabu vyote vilivyopewa jina hilo, hata ambavyo neno lako la mwanzo halikuvigusa.

Ndipo uende rafuni. Vyuo vikuu vingi hupanga vitabu kwa mfumo wa Maktaba ya Bunge la Marekani, ambao sanaa zimepewa herufi N: NB ni uchongaji, ND uchoraji, NK sanaa za mapambo na ufundi, NA majengo. Wanaotumia Dewey, mfumo mwingine unaopanga vitabu kwa namba, waende mia saba. Historia ya sanaa ya Tanzania inaangukia 709.678. Ukikipata kitabu chako, soma migongo ya majirani zake kushoto na kulia. Kisha fungua mwisho wa kila kitabu, penye faharasa, utafute humo jina unalolifuatilia. Dakika moja kwa kitabu inatosha. Hii ndiyo kazi ambayo simu haiwezi kukufanyia, maana vitabu vingi vya zamani vya Afrika Mashariki havijaingizwa kwenye kompyuta ukurasa kwa ukurasa.

Lakini usiishie kwenye N. Sanaa ya Afrika, kwa muda mrefu, waliopanga rafu hawakuihesabu kuwa sanaa. Waliiweka kwenye GN pamoja na mila na desturi, au kwenye DT pamoja na historia ya bara. Kinyago cha Kimakonde unaweza kukikuta kwenye sura ya jando na unyago. Na kazi nyingine zimejificha mbali zaidi. Elimo Njau wa Marangu, aliyesoma Makerere na mwaka 1965 akashiriki kuanzisha kituo cha sanaa cha Paa ya Paa mjini Nairobi, alichora ukutani maisha ya Yesu katika kanisa la Murang'a, Kenya, mwishoni mwa miaka ya 1950, watu na mashamba yakiwa ya Kiafrika. Kanisa hilo lilijengwa kuwakumbuka Wakristo waliouawa wakati wa Mau Mau. Mwenye kuutafuta ukuta ule aende rafu za historia ya kanisa na rafu za Mau Mau, pengine kabla ya rafu za sanaa.

Sam Ntiro ni mfano mwingine ninaoupenda. Mchagga huyu alifundishwa Makerere na Margaret Trowell, akaendelea katika shule ya sanaa ya Slade mjini London, akarudi kufundisha Makerere, na baada ya uhuru akawa Balozi wa Tanganyika nchini Uingereza. Jumba la makumbusho la MoMA huko New York linayo picha yake ya mwaka 1956, watu wakimpelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku. Mtu mmoja, rafu nne: sanaa, historia ya elimu ya Makerere, siasa na diplomasia, na katalogi ya jumba la makumbusho la Marekani. Anayemtafuta kama mchoraji tu anampata robo.

Upande wa makala, mlango mkubwa ni hifadhidata ya JSTOR na ndugu zake, na ukiwa ndani ya mtandao wa chuo mara nyingi huulizwi malipo. Jarida la kuanzia ni African Arts, linalotolewa Los Angeles tangu mwaka 1967. Makala moja nzuri ikishapatikana, isome kuanzia nyuma. Tanbihi na orodha ya marejeo ni kama mzee anayekwambia, “Habari hiyo niliisikia kwa fulani, mfuate.” Ukimfuata fulani naye anakuelekeza kwa mwingine, unarudi nyuma mpaka unafika kwa mtu aliyeshuhudia. Hifadhidata nyingi pia hukuonyesha waliokuja baadaye wakaitaja makala hiyo, hivyo unaweza kwenda mbele vilevile. Nakuhakikishia, nusu ya vyanzo vizuri hupatikana kwa njia hii, wala si kwa kuandika maneno kwenye kisanduku.

Tasnifu za wanafunzi usizidharau. Mara nyingi ndizo pekee zenye mahojiano na wachoraji na wachongaji wenyewe, kwa majina. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina sehemu ya East Africana, yaani ya maandishi yanayohusu Afrika Mashariki, na Makerere wana ya Africana, ya maandishi yanayohusu Afrika. Makusanyo ya aina hiyo kwa kawaida husomewa humo humo. Na kama wewe si mwanafunzi, usiamini anayekwambia huruhusiwi. Maktaba nyingi za vyuo hupokea wasomaji wa nje kwa barua ya utambulisho au ada. Uliza. Ukifika, mtafute mkutubi, mwambie swali lako lote. Usimwambie “nataka vitabu vya sanaa.” Mwambie “natafuta waliokuwa wakichora kwa mtindo wa Tingatinga Dar es Salaam miaka ya 1970.” Utaona anavyoamka kitini.

Limebaki jambo ambalo mjadala wa vinyago vya Ulaya umelileta mezani: historia ya umiliki, yaani kitu kimepita mikono gani tangu kwa aliyekitengeneza hadi leo. Watu hudhani ni kazi ya wanasheria na polisi. Tazama kinyago kimoja cha Kimakonde. Mwaka 1984 wezi walivunja Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam wakaondoka na vitu, kikiwemo hicho. Mwaka uliofuata kilinunuliwa na jumba la Barbier-Mueller la Geneva. Kilirudishwa Tanzania Mei 2010, baada ya miaka mingi ya mawasiliano. Kitu kama hicho hakirudi kwa hasira za mitandaoni. Linahitajika karatasi linalosema kwamba kitu hiki, chenye umbo hili, kilikuwa hapa mwaka fulani: daftari la makumbusho, picha ya zamani kwenye jarida, katalogi ya maonyesho. Karatasi za namna hiyo zinakaa maktaba. Kwa hiyo ukitafuta kitu, tafuta pia katalogi za maonyesho na za minada, soma maandishi madogo chini ya picha, na kila jina la mmiliki liandike na mwaka wake, kimoja chini ya kingine. Panapobaki pengo la miaka, hapo ndipo pa kuchimba.

Wakati mwingine karatasi hiyo iko nyumbani. Binti alipompigia babu yake kumuuliza picha aliinunua wapi, mzee hakusita: Oyster Bay, nje ya Morogoro Stores, kwa kijana aliyekuwa amekaa chini na ubao mapajani, rangi haijakauka vizuri. “Nilimwambia andika jina lako na wewe,” babu akasema, “akaliandika nyuma kwa penseli.” Binti akaishusha picha tena, safari hii akaipeleka dirishani. Juu kidogo ya ule mwaka 1976, chini ya gundi ya karatasi iliyokwisha banduka, kuna herufi nne zinazosomeka na nyingine mbili za kukisia. Ameziandika kwenye daftari kama zilivyo, pamoja na maelezo ya babu na tarehe aliyoyatoa, na kesho asubuhi anarudi maktaba.